Anakulisha? Anakuvisha?

Bagamoyo,
11 Februari 1973

Kwa mke mwenzangu Zaina,

Usishtuke. Mwandiko huu ni wangu. Sikumpa mtu aniandikie, na neno likipinda limepindishwa na mkono huu huu uliokuogesha tangu mama yako alipofariki. Mwalimu wa kisomo anasema nimewapita wote darasani. Hao wote ni vikongwe wenye macho mabovu, lakini kupita ni kupita.

Tangu uolewe uhamie Vigwaza ni mwaka na nusu, na barua zako ni tatu. Au wino umekwisha katika hilo duka la ushirika analolisimamia mumeo?

Ile doti ya kanga ya maua mekundu aliyoleta Rajabu wa lori imefika. Jina lake nimelisoma mwenyewe, kidole chini ya kila herufi: Nyumba njema si mlango. Nikaivaa siku ile ile. Mwambie mume wetu Mwinshehe ahsante, na umkumbushe kwamba mke mkubwa ni mimi, wewe umekuja juzi tu. Kama hukuitaka ukanipa mimi, shauri lako. Mume anayevisha mpaka kanga zikafurika zikamfikia bibi, huyo ndiye mume.

La pili. Kata yetu imepata Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kwa hii sheria mpya. Mke na mume wakikosana hawakimbilii kwa hakimu; sharti wapite kwetu kwanza. Tukishindwa kuwapatanisha tunatoa hati ya kusema tumeshindwa, ndipo hakimu awasikilize. Tuko watano, wanawake wawili, mimi na Bi Mosi. Mwenyekiti ni Mzee Mwinyijuma, unamjua, yule hasemi mpaka akohoe. Tunakaa kila Alhamisi kibarazani pa ofisi ya kata. Kitabu cha sheria tunacho, kinakaa juu ya makaratasi yasipeperuke.

Mpaka leo hatujatoa hati hata moja. Unajua kwa nini? Kwa sababu yangu. Mwanamke akija na kilio chake mimi namwuliza mawili tu: anakulisha? Anakuvisha? Akisema ndiyo, namwambia basi jifunge kanga yako urudi, wanaume wote wana mikono. Juzi kaja Ashatu muuza vitumbua, uso umeumuka kama andazi. Anakulisha? Ndiyo. Anakuvisha? Ndiyo. Akarudi kwake, na hajaja tena. Mzee Mwinyijuma akasema, "Bi Mize, ungekuwa wewe hakimu, mahakama ingeota majani."

Niandikie. Na uweke tarehe. Mwalimu anasema barua isiyo na tarehe ni uvumi.

Mimi bibi yako,
Mize binti Msabaha


Vigwaza,
9 Machi 1973

Kwa Bibi,

Shikamoo. Barua yako imefika. Mwinshehe ameisoma, amecheka, anasema mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu.

Sisi wazima. Mvua bado. Kisima cha karibu kimekauka, tunachota mbali.

Nimempa Rajabu doti nyingine, ya buluu yenye madoa meupe. Mwinshehe ameileta wiki hii. Vaa wewe. Mimi ninazo.

Bibi, yule Ashatu alisema nini mlipomwambia arudi?

Samahani kwa mwandiko.

Mjukuu wako,
Zaina


Bagamoyo,
25 Machi 1973

Zaina,

Marahaba. Mwandiko wako umenitia aibu. Darasa la saba! Nilimwonyesha mwalimu, akaniuliza kama mjukuu wangu naye ameanza kisomo. Kuku akiparua vumbi anaandika vizuri kuliko wewe.

Ashatu hakusema kitu. Aliokota beseni lake akaondoka. Ulitaka aseme nini? Na wewe habari za nyumba za watu zinakuhusu nini, una mume anayepigiwa foleni na kijiji kizima? Babu yako Mwinyimvua, Mungu amrehemu, alinipiga mara mbili tu katika miaka thelathini na moja, na zote mbili nilikuwa na mdomo. Sikumwendea mtu. Siri ya nyumba ni kama nguo ya ndani, huanikwa chumbani. Ulifundishwa hayo siku saba ulizowekwa ndani kabla ya ndoa, na mwalimu wako nilikuwa mimi, kwa hiyo usijifanye umesahau.

Kanga ya buluu niliivaa barazani. Bi Mosi akauliza, "Hiyo umeitoa wapi, mbona Bagamoyo haipo?" Nikamwambia nina mume wangu Vigwaza. Watu wakacheka mpaka Mzee Mwinyijuma akapaliwa.

Andika tena, na safari hii ukae chini uandike kama mtu.

Bibi yako,
Mize binti Msabaha


Vigwaza,
17 Juni 1973

Kwa Bibi,

Shikamoo. Mwandiko ulikuwa vile kwa sababu niliandika kwa mkono wa kushoto. Nilianguka kisimani nikaumia wa kulia. Sasa umepona, unaona.

Rajabu atakuletea doti tatu. Ya korosho, ya nanasi na ya kijani. Dukani zimekuja nyingi.

Sina habari nyingine. Naamka, nachota maji, napika, nalala.

Mwinshehe anakusalimu.

Zaina


Bagamoyo,
1 Oktoba 1973

Zaina,

Leo ni mfungo wa nne na mate yamenikauka, kwa hiyo sitaandika mengi.

Tangu Juni hujaniletea hata uzi. Idi inakuja. Bi Mosi ameshanunua ya kwake na anaipitisha mbele yangu makusudi. Ndani ya bahasha hii kuna kikaratasi cha mume wetu, mpe asome mwenyewe. Nimemwandikia hivi: "Mume wangu Mwinshehe, umenisahau. Mkeo mkubwa hana kanga ya Idi. Nataka nyeupe." Usimzuie. Wivu kwa bibi yako haukupendezi.

Baraza linaendelea. Ndoa kumi na moja tumezishona, hati hata moja hatujatoa.

Bibi yako,
Mize binti Msabaha


Vigwaza,
14 Oktoba 1973

Bibi,

Shikamoo. Barua hii Rajabu atakupa mkononi. Usinijibu kwa posta. Barua zote za kijiji zinafikia dukani, zangu huzifungua yeye kwanza. Na nilizokuandikia alizisoma kabla ya kubandika stempu. Ndiyo maana ziliandikwa vile.

Kikaratasi chako alikisoma mbele yangu. Alicheka sana. Akasema, "Bibi yako anataka kanga." Kisha akaacha kucheka, akanitazama.

Bibi, usiombe tena kanga.

Mwinshehe akinipiga, kesho yake huleta doti. Huiweka kitandani, imekunjwa kama ilivyotoka dukani. Majirani wanasema nina bahati. Mimi siwezi kuzivaa, ndiyo maana nilikuwa nakuletea wewe.

Ya maua mekundu ni ya kofi. Chai ilikuwa imepoa.

Ya buluu ni ya mkono. Sikuanguka kisimani.

Ya korosho ni ya jino, la mbele, upande wa kushoto.

Ya nanasi sikumbuki ni ya nini. Nimejaribu.

Ya kijani ni ya mimba. Ilikuwa ya miezi minne. Sikukuandikia ilipoingia, nikaona hakuna haja ya kukuandikia ilipotoka.

Nyeupe uliyoagiza anayo Rajabu. Hiyo ni ya mgongo.

Nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Alinisikiliza, akanipa maji ya kunywa, akamwita Mwinshehe, kwa sababu hucheza naye bao. Nilikwenda na kwenye baraza la huku. Waliniuliza maswali mawili. Bibi, ni yale yale yako. Nikawaambia bibi yangu ni mjumbe wa baraza Bagamoyo. Mmoja wao akasema, "Basi unajua mwenyewe atakavyokujibu."

Sikuandikii ili ufanye jambo. Ningenyamaza ungeomba tena, basi.

Idi njema.

Zaina


Bagamoyo,
19 Oktoba 1973

Zaina,

Barua nimeipata, na hii atakupa Rajabu mkononi. Nikaisoma. Nikaisoma tena, nikidhani labda bado sijui kusoma. Nikaisoma mara ya tatu kwa kidole. Inasema yale yale.

Leo sina la kukugombeza.

Ya nanasi nilikuwa nimeivaa. Nimeivua. Nimezifua zote sita nikazianika chumbani, kisha nikazitoa nikazianika nje.

Baada ya hapo nilikwenda sokoni kwa Ashatu. Nilimwita nikiwa upande wake wa kushoto, hakugeuka. Nikamwita tena. Muuza ndizi akaniambia, "Pita upande wa pili, Bibi. Sikio hilo halisikii tangu mwezi wa pili." Mwezi wa pili ndio tuliomrudisha. Mimi nilidhani haji tena barazani kwa sababu mambo yametengemaa. Nilinunua vitumbua viwili vya futari. Mpaka sasa viko kwenye sahani.

Sasa nisikilize. Rajabu anapakia mkaa huko Jumatatu asubuhi. Utapanda mbele, ukae kama abiria wa nauli. Usibebe sanduku, mwanamke mwenye sanduku huulizwa aendako. Beba ndoo. Mwenye ndoo haulizwi. Ukifika barabara kuu iache hapo. Rajabu atakufikisha Dar na kukupandisha basi la huku, nawe utashuka Mapinga kwa mama yako mdogo Kibibi. Usije kwangu. Kwangu ndiko atakakoanza kukutafuta.

Nilikuambia babu yako alinipiga mara mbili. Si mara mbili.

Mize


Mapinga,
25 Novemba 1973

Kwa Bibi,

Shikamoo. Ni mwezi sasa niko hapa kwa mama Kibibi. Anasema ninakula vizuri.

Ndoo niliiacha barabarani kama ulivyosema. Niliijaza maji kwanza. Sijui kwa nini.

Bibi, Alhamisi ile Mwinshehe alipotuita mbele ya Baraza lenu ili nirudishwe kwake, nilikuwepo, lakini sikusikia kitu. Nakumbuka mkeka. Nakumbuka ulishuka kwenye kiti ukaja kuketi na mimi. Nakumbuka karatasi zinaruka. Mengine niliona midomo tu. Mama Kibibi alibaki uani nyuma ya watu asisikie, naye ananiuliza mimi yaliyosemwa, na mimi sijui. Wewe ulitupandisha basi bila kusema neno.

Niandikie ilikuwaje. Si kwamba naona uchungu. Sioni kitu. Ila kama natakiwa kurudi niambie siku, nifue nguo.

Zaina


Bagamoyo,
30 Novemba 1973

Zaina,

Marahaba. Kwanza la haraka: hurudi. Hizo nguo zifue kwa sababu ni chafu, si kwa safari. Sikusema kitu siku ile kwa sababu hati ilikuwa haijapigwa mhuri, na karani wa kata alikuwa Dar na mhuri wake mfukoni. Nilichelea kukuahidi kitu nisichokishika.

Sasa nitakueleza yote. Usiniharakishe, mkono wangu ni wa pole.

Angeweza kushitaki huko kwao. Kaja hapa kwa makusudi, na alilisema mwenyewe: "Nimekuja Bagamoyo kwa sababu Baraza hili halijawahi kuvunja ndoa ya mtu." Kavaa kanzu yenye pasi na kofia ya viua, kasalimia wazee mmoja mmoja. Mimi alinibusu mkono. Mkono nimeuosha.

Mzee Mwinyijuma akaniambia, "Bi Mize, leo shuka. Huyu ni damu yako." Nikashuka. Unajua, kutoka pale mkekani watu wa kwenye viti wanaonekana wakubwa mno. Miezi yote ile nimekaa juu sikulijua hilo.

Mwinshehe akasema hajui kosa lake. Mkewe hajalala na njaa hata siku moja. Mkewe ana kanga nyingi kuliko mwanamke yeyote pale kijijini, waulizwe majirani. Watu wanatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo.

Mzee Mwinyijuma akakohoa akakugeukia wewe. "Anakulisha?" Ukatazama mkeka. "Anakuvisha?" Ukatazama mkeka. Yale maneno yangu, Zaina, yanatoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Sikuyapenda.

Nikasema, "Hilo la kuvisha nitalijibu mimi."

Mjumbe mmoja akasema, "Bi Mize, si ulishuka?" Bi Mosi akamwambia, "Kashuka kwenye kiti, hakushuka kwenye ulimwengu. Mwacheni."

Nikavuta kapu langu. Nikakunjua ya maua mekundu, nikaitandaza mbele yao. Nikasema, hii imekuja kabla ya barua yangu ya Februari, ni ya kofi, kwa ajili ya chai. Mwinshehe akatabasamu kidogo, kama mtu aliyesingiziwa na mtoto. Nikatandaza ya korosho. Nikasema, hii ni ya mkono.

Nilikosea. Wallahi nilikosea, si ujanja. Barua yako naijua kwa moyo, lakini pale mbele ya watu nikazichanganya mbili.

Basi mumeo akanyoosha kidole, kama anavyomsahihisha mteja kule dukani, akasema kwa adabu kabisa, "Hapana, Bibi. Korosho ilikuwa ya jino. Ya mkono ni ya buluu."

Hata Mzee Mwinyijuma hakukohoa. Mwinshehe mwenyewe alichelewa kujua amesema nini. Tulikuwa tumeshajua sote, na kidole chake kiko juu bado.

Ndipo mwenyekiti alipokichukua kile kitabu. Tangu tupewe hakijafunguliwa. Karatasi zikaruka mpaka uani, hizo ndizo ulizoziona. Akatafuta mahali pake, akasoma polepole kwamba mke au mume hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Akayasoma tena, kama mimi na barua yako. Akamwuliza Mwinshehe kama ana neno.

"Lakini nilimvisha," akasema. "Kila mara nilimvisha."

Nilitandaza na ya buluu, ya nanasi, ya jino nikaisema sawasawa, na nyeupe niliyoiomba mimi kwa mkono wangu. Hilo nalo nililisema, kwamba niliiomba mimi. Ya kijani niliiacha kapuni. Hiyo haikuwa ya Baraza.

Mzee Mwinyijuma akaandika hati. Alipofika kwenye neno "limeshindwa" akasita, akauliza kama hakuna namna nyingine ya kusema. Nikamwambia hakuna, andika hivyo hivyo, Baraza limeshindwa kuwapatanisha. Shahidi ni mimi. Akanisogezea ule wino wa dole gumba. Nikamwambia, nipe kalamu.

Hati imo humu, imepigwa mhuri. Usiikunje mara mbili. Jumatatu Kibibi akupeleke nayo mahakama ya mwanzo. Kuvunja ndoa ni kazi ya hakimu. Sisi tunakiri tu kwamba tumeshindwa, na hakuna aliyenifundisha kwamba hiyo nayo ni kazi. Akikuuliza hakimu ulikuwa wapi siku zote, mwambie ulikwenda kwa balozi na ulikwenda kwenye baraza, na bibi yako naye alikuwa mjumbe.

Na mimi mume yule nimemwacha. Mtu akiuliza, mwambie mke mkubwa kajitoa.

Hujaona uchungu bado. Sitakuharakisha. Nami kula nakula, kulala nalala, na kanga zangu ni zile mbili za zamani. Niandikie hata mstari mmoja, uweke tarehe. Usinitumie kitu.

Jana Alhamisi nilirudi kwenye kiti. Nilikuwa nimempelekea Ashatu habari kwamba aje, akaja na beseni lake. Mzee Mwinyijuma akanigeukia kama kawaida, anangoja lile swali langu. Sikuliuliza. Nikasema, "Ashatu, mwanangu, anakupiga?"

Akanigeuzia sikio la kulia.

"Rudia, Bibi," akasema. "Sikusikia."

Nikarudia.

Mize binti Msabaha